Herufi elfu nne zisizosomeka: wino wa Kichina pale Metropolitan, New York

Nilipoingia chini ya karatasi zile, kitu cha kwanza nilichotazama ni kingo za herufi. Ni mazoea. Nimepanga herufi za risasi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha uchapaji huko Mombasa, na mtu wa kazi hiyo hasomi ukurasa kama wasomavyo wengine. Jicho huanza na wino: umekolea wapi, umefifia wapi, herufi ipi imezama na ipi imeelea. Maneno huja baadaye. Ndiyo maana ilipita dakika nzima, nimeinama, mikono nimeifunga nyuma, kabla sijakumbuka kwamba maandishi haya hayasomwi na mtu yeyote. Mimi siyajui kwa kuwa sijui Kichina. Lakini hata Mchina hayajui.

Kazi hii ni ya msanii wa China, Xu Bing, na Wachina huiita Tianshu, yaani kitabu cha mbinguni. Kwao neno hilo hilo hutumika pia kwa maandishi yoyote yasiyo na kichwa wala miguu. Ilikuwamo katika maonyesho ya sanaa ya wino ya China ya leo, yaitwayo Ink Art, kwenye makumbusho ya Metropolitan, Fifth Avenue na mtaa wa 82. Yalifunguliwa tarehe 11 Desemba 2013 yakafungwa tarehe 6 Aprili 2014. Kulikuwa na kazi kama sabini za wasanii thelathini na watano, nazo hazikutengewa jengo lake. Ziliwekwa ghorofa ya pili, ndani ya kumbi zile zile za China ambamo siku zote mna sanaa ya kale, hata unatoka mbele ya mchoro wa karne nyingi nyuma ukageuka, ukakutana na kitu cha juzi. Mimi nimeupenda sana mpango huo. Wino ni mmoja, unauona ukitembea kutoka mkono hadi mkono.

Kwa wanaotaka kujua gharama: bei iliyobandikwa wakati ule ilikuwa dola 25 kwa mtu mzima na dola 17 kwa sisi wazee, ila ilikuwa bei ya kupendekezwa tu. Ulitoa ulicho nacho ukaingia. Watoto chini ya miaka 12 hawakulipa. Sisi tulitoka Jersey City kwa treni, tukashika namba 6 hadi 86th Street, kisha tukatembea. Nilikwenda na mjukuu wangu Rehema, aliyekuwa na miaka kumi.

Sasa nieleze kilichokuwapo, maana picha za simu hazikitendei haki. Juu ya kichwa zimetundikwa karatasi tatu ndefu mno, zinashuka katikati na kupanda pembeni kama tanga lililolegea upepo. Ukutani zimesimama karatasi nyingine, ndefu kumpita mtu, kama matangazo ya gazeti yanayobandikwa barazani watu wasome wamesimama. Chini vimelazwa vitabu, safu kwa safu, vyote wazi. Kila mahali, juu, pembeni na chini, ni herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Hakuna rangi nyingine ila buluu ya majalada. Ukisimama katikati umezungukwa na maandishi pande zote, na kila unapogeuka yanakuambia nisome, nisome.

Xu Bing alizaliwa Chongqing mwaka 1955 akakulia Beijing, kwenye chuo kikuu alikokuwa akifundisha baba yake, mama yake akifanya kazi katika maktaba. Mtoto amezungukwa na vitabu kabla hajajua kusoma. Alipojua kusoma yakaja Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, na vitabu vya kusoma vikawa vichache. Mwaka 1974 akapelekwa shamba kama vijana wenzake. Baadaye akasomea sanaa ya kuchonga na kupiga chapa. Kisha, kuanzia mwaka 1987, akakaa chini na vipande vya mti wa peasi akachonga herufi moja moja, kwa mkono, kinyume, kama ionekanavyo kwenye kioo. Alipomaliza mwaka 1991 zilikuwa kama elfu nne. Idadi hiyo hakuiokota njiani: inakaribia herufi anazohitaji Mchina kusoma gazeti lake la kila siku. Na alikusudia isiwemo hata moja katika kamusi.

Nimejaribu kumweleza Rehema hivi, na ninyi nitawaeleza hivyo hivyo. Herufi ya Kichina hujengwa kwa vipande: kipande cha maji, cha mti, cha mkono, cha moyo. Xu Bing alichukua vipande vya kweli akaviunga isivyowahi kuungwa. Ni kama mimi nikuandikie: mshandilo ukapwetea kwenye ngugwa la vimbezi. Kila silabi hapo ni yetu. Ngeli zimekaa sawa, kitenzi kiko mahali pake, hata mdomo hauogopi kuitamka. Mtu akiisikia kwa mbali atadhani ni Kiswahili cha kisiwa fulani asichokifikia. Lakini hakuna neno. Sasa fikiria mtu amekuandikia hivyo vitabu vinne vizima, na kila herufi ameichonga kwa kisu.

Niseme kuhusu uchapaji, maana hapa ndipo nilipokaa karibu saa nzima na ndipo ninapopajua.

Aina ya herufi aliyoichagua ni ile ya vitabu vya serikali na magazeti, iliyotulia, yenye mistari ya kulala myembamba na ya kusimama minene. Haina mbwembwe za mkono wa mtu. Mpangaji herufi anajua kwamba aina hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haina pa kujificha. Herufi ya mapambo ikipinda kidogo utasema ni pambo. Hii ikipinda unywele mmoja, ukurasa mzima unayumba. Nikatafuta pa kuyumba. Nikapiga magoti upande mmoja wa vitabu, nikainuka, nikahamia upande wa pili. Mistari imesimama wima kama nguzo za msikiti. Nafasi kati ya herufi na herufi ni moja kutoka juu hadi chini. Kila ukurasa una fremu yake, una vichwa, una namba. Karatasi imechapwa upande mmoja tu na kukunjwa, mkunjo ukakaa nje, kama vitabu vya zamani vya Kichina vilivyoshonwa kwa uzi. Mshono umepita nje ya jalada, unauhesabu tundu kwa tundu.

Halafu nikaona kitu kilichonikalisha kimya. Katikati ya mistari ya herufi kubwa kuna vijistari vya herufi ndogo, viwili viwili, vimebanwa kwenye nafasi ya mstari mmoja. Hiyo ni sharhe, yaani maelezo ya matini. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na vitabu vyake vilikuwa hivyo hivyo: matini kwa herufi kubwa, sharhe kwa ndogo, na pembezoni hashia ya mtu wa tatu anayemsahihisha wa pili. Mtoto nilikuwa nikivifungua nisielewe hata mstari, ila niliweza kujua kwa kutazama tu nani anasema na nani anamjibu. Xu Bing ameandika maneno yasiyokuwapo kisha akayaandikia maelezo, nayo hayapo. Hata hivyo heshima ya kitabu imebaki nzima. Unamwona mwanachuoni ameinama, anafafanua. Nilikumbuka harufu ya vitabu vya baba, karatasi ya manjano na mafuta ya taa.

Rehema akanivuta mkono. "Babu, sasa wameandika nini hapa?"

"Hawakuandika neno, mjukuu wangu."

"Kwa nini basi wakaandika?"

Sikutaka kumpa jawabu la kumnyamazisha. Nikamwambia anitafutie herufi mbili zinazofanana, kwenye kitabu chochote. Alipita safu ya kwanza, akarudi, akapita ya pili, kidole hewani, hagusi. Ilimchukua muda. Mwisho akaniita: "Hii na ile!" Nikaenda nikatazama. Kweli, ni umbo lile lile, ila moja imekolea wino na nyingine imekauka kidogo. Nikamwonyesha: ni kipande kimoja cha mti, kimepakwa wino mara mbili, kimelala kwenye karatasi mbili, siku mbili huenda. Kimetolewa kikarudishwa kisandukuni, kikatafutwa tena na mkono uliojua kilipo. Akanitazama, "Kama kazi yako, Babu?" Kama kazi yangu.

Karibu yetu alikuwapo mzee wa Kichina, koti refu, kofia mkononi. Alikuwa akifanya alichokifanya Rehema kwa njia nyingine: anatafuta herufi moja ya kweli. Midomo ilikuwa ikicheza. Anaanza kutamka, anakwama, anasogea. Mwaka 1988, kazi hii ilipotundikwa kwa mara ya kwanza Beijing, wasomi walifanya vivyo hivyo, walisimama muda mrefu wakisaka neno hata moja. Nilipokuwa nikilisikia jambo hilo nililiona ni hadithi ya kufurahisha. Pale, mbele ya mzee yule, niliona ni jambo zito. Mtu amesoma maisha yake yote, halafu anarudishwa alipokuwa na miaka mitano, ukurasa umefunguka na haumpi kitu. Tulipotazamana aliniashiria kitabu akatikisa kichwa taratibu. Nami nikamfanyia ishara ya mkono unaopanga herufi, tak, tak, tak. Akaelewa papo hapo, akainua dole gumba.

Huko China kazi hii ilimletea Xu Bing maneno makali. Baada ya mwaka 1989 wakosoaji waliisema kwa msemo wao wa mizimu inayogonga ukuta, yaani kuzunguka gizani pasipo njia. Alichofanya ni kulichukua tusi akaliita jina la kazi yake iliyofuata: mwaka 1990 alikwenda kwenye Ukuta Mkuu, akaufunika kwa karatasi na kuupigapiga wino hadi mawe yakajichapa yenyewe. Mwaka huo huo akahamia Marekani.

Wapo wanaosema kazi kama hii ni kejeli, kwamba mtu anawacheka wasomaji. Nawaheshimu lakini wamekosea. Mimi nimewahi kupanga kwa mikono hii matangazo yenye Kiswahili safi, kila neno lipo katika kamusi, na ndani yake hamna ukweli hata chembe. Nilijua wakati naupanga mstari. Hapa ni kinyume chake. Neno halipo, ila kila ukingo wa herufi ni wa kweli, umekatwa na mtu aliyekaa kitako miaka. Hakuna anayechonga herufi elfu nne kwa kumcheka mtu.

Kiwanda chetu kilipoleta mashine mpya, herufi za risasi ziliuzwa kwa kilo. Hatukuulizwa. Wavuvi walizinunua wakaziyeyusha kuwa chubwi za nyavu. Huwa nafikiri kwamba zipo hadi leo chini ya maji ya Kilindini, alfabeti nzima, hakuna azisomaye. Sikuwahi kulisema jambo hili kwa mtu yeyote hapa Marekani. Nililisema siku ile kwa Rehema, tumekaa kwenye benchi.

Kumbi zilizobaki zilikuwa na mazuri yake, nami nitayapitia upesi. Qiu Zhijie alinakili waraka maarufu wa mwandishi Wang Xizhi, wa mwaka 353, mara elfu moja juu ya karatasi ile ile moja, kuanzia 1990 hadi 1995, mpaka karatasi ikawa nyeusi tii. Zhang Huan amepiga picha tisa za uso wake ukiandikwa herufi hadi unafunikwa wote. Kulikuwa na ramani ya China ya Ai Weiwei, ya mti mgumu uliotolewa kwenye mahekalu yaliyobomolewa. Ni fundi, sikatai, ila mimi nilikuja kutafuta wino na karatasi, na mbele ya gogo lile sikukaa. Picha za kamera nazo zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Mwenye muda mfupi angezipita, aende kwa Xu Bing, kisha kwa Song Dong.

Song Dong ndiye aliyemshika Rehema. Mwaka 1996 aliketi ndani ya mto wa Lhasa, Tibet, ameshika muhuri mkubwa wa mti uliochongwa herufi moja, herufi ya maji, na kwa saa nzima akawa anaupiga mto muhuri. Anauinua, anaupiga. Picha thelathini na sita zimepangwa, na katika zote thelathini na sita mto haukushika alama. Huyu ni mtu ambaye baba yake alimfundisha kuandika kwa maji juu ya jiwe badala ya wino, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa ghali kwao. Maneno yanakauka, unaandika tena.

Mtu wa pwani akiziona picha zile atakumbuka kombe. Nilimweleza mjukuu wangu hapo hapo, kwa sauti ya chini. Nilipokuwa na homa utotoni, baba alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, akaiosha kwa maji ya waridi na kunipa ninywe. Maandishi yakaondoka kwenye sahani yakaingia kwangu. Sijui Song Dong amewahi kusikia kitu kama hicho, lakini mkono wake na mkono wa baba niliuona ni mmoja. Rehema aliuliza yalikuwa na ladha gani. Nikamwambia matamu kidogo, na yana harufu ya nguo za harusi.

Wino wenyewe wa Kichina hauko mbali na ule wa chuoni kwetu. Wao huchoma mti wa msonobari au mafuta, wakakusanya masizi, wakachanganya na gundi ya wanyama na kuyakausha kuwa vijiti. Mwandishi hukisugua kijiti juu ya jiwe kwa matone ya maji hadi apate weusi autakao. Sisi tulikwangua masizi ya taa, tukayatia gundi ya mti. Karatasi yao iliyo bora ni ile ya xuan, ya wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, ya maganda ya mti na mabua ya mpunga. Tangu 2009 ufundi wake umo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Ni nyepesi kama pumzi na inakunywa wino papo hapo, kosa halifutiki.

Na kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. Xu Bing alifika kwetu. Miaka ya 2000 alikwenda Kenya, akakaa na watoto wa shule karibu na Mlima Kenya, akawafundisha kuchora miti kwa kutumia herufi za maandishi mbalimbali ya dunia: shina ni herufi, tawi ni herufi. Michoro ya watoto iliuzwa kwa njia ya intaneti na fedha zikarudi kupanda miti kule kule mlimani. Alipiga hesabu kwamba dola mbili, nauli ya wakati huo ya safari moja ya treni ya New York, zingeweza kupanda miti kumi Kenya. Naye akaichukua michoro ile akainakili kwa wino wa Kichina kwenye mandhari moja kubwa ya msitu, kila mti na mkono wa mtoto wake. Natamani siku moja msitu huo utundikwe Nairobi au Mombasa, waliouchora waje wakiwa watu wazima waitafute miti yao.

Ushauri wangu kwa atakayekuta kazi hii imetundikwa tena. Asiende Jumamosi mchana akiweza, kwa kuwa vitabu vile vinataka mtu ainame bila kusukumana. Pale Metropolitan, Ijumaa na Jumamosi walikuwa wakifunga saa tatu usiku, na jioni palikuwa na nafasi. Avae viatu vya kusimama. Asianze na maelezo ya ukutani. Aende moja kwa moja chini ya karatasi, atulie, ajaribu kusoma kwanza. Mwenye mtoto ampe kazi ya kutafuta herufi pacha.

Tulipotoka ilikuwa imeanza kunyesha. Rehema alikuwa na kistika cha makumbusho kwenye koti, hakutaka kukitoa hata ndani ya treni. Tulipanga kurudi Ijumaa iliyofuata baada ya Asri. Yeye alitaka kumwona tena yule mtu wa mtoni, nami nilitaka kujua kama herufi ndogo za sharhe zilichongwa kwa kisu kile kile kilichochonga kubwa. Lenzi yangu ya kukagulia prufu nilikuwa nimeshaitia mfukoni mwa koti.